Pombe Tuliyokunywa Kabla ya Neno

Kazi Moja, tarehe 6 mwezi wa munane, 1951

Asubuhi mambo yale yale. Ukungu juu ya muto Lowa, kamba ya chuma inalia, watu wangu wa baki, kivuko chetu, wanavuta na kuimba matusi juu ya tumbo yangu. Ninawaacha, mimi musimamizi wao. Kapita asiyetukanwa haiko kapita. Tulivusha gari la mizigo, kamio ya chumvi, kisha mbuzi, kisha mwalimu mumoja wa dini na baiskeli yake. Mwalimu aliogopa maji. Nilimuambia mimi nilivuka muto wa Misri wakati wa vita, na mamba walinipisha. Mamba sikuona, hiyo ni chumvi yangu. Lakini muto niliona, tende nilikula, na muzungu mumoja mwenye nyota begani alinisalimia na mukono. Hapa Walikale nani mwingine? Hata ajenti wa serikali akifika kwenye maji anapiga honi na kuningojea.

Jua lilipopanda, muntu aliita ngambo. Muzee, amejitegemea kwa fimbo, miguu imevimba kama mihogo iliyolowa. Tulimufuata. Sikumujua. Yeye alinijua. Aliniita ndugu ya Petero. Sauti njo nilitambua kwanza, kisha uso.

Matayo. Kapita wa mupira wakati wa vita. Serikali ilitaka mupira wa porini, utomvu wa miti wa kutengeneza magurudumu, Matayo njo alipewa watu wa kijiji chetu awapeleke. Petero, ndugu yangu wa tumbo moja, alikwenda naye. Hakurudi. Walisema homa. Wengine walisema fimbo, lakini kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa kule Misri na bunduki, nalinda vitu vya wazungu. Niliporudi kaburi hakuna, muke wa Petero amenyoa kichwa, mutoto wake hajaanza kutembea.

Nilimuvusha. Sikujua mikono yangu ifanye nini, basi ilivuta kamba. Alishuka, akaenda kwa dada yake.

Kazi Tatu, tarehe 8

Padri alipita na pikipiki yake. Baki ilikuwa ngambo, basi ilibidi aningojee, na mwenye kungoja anasema. Matayo anasoma dini kule misioni. Anataka ubatizo kabla uvimbe wa miguu haujafika kwenye moyo. Padri alimukatalia: aende kwanza kupatana na nyumba aliyoiumiza. Nyumba ile ni yangu. Padri aliniuliza kama nitaweza.

Nilicheka. Nilimuambia Alfonsi hana kinyongo na muntu hata mumoja. Aliyeniibia viatu nilimuachia na soksi. Padri alifurahi, alisema moyo kama wangu ni adimu. Mimi pia naona hivyo.

Kupatana kutakuwa siku ya posho, mwisho wa juma. Pombe ya ndizi, mingi. Dada ya Matayo atatoa mbuzi. Watu watasimulia.

Muke wangu, Mama Vumilia, aliuliza neno moja tu: nimemuuliza Paulina? Paulina ni muke wa marehemu, anakaa nyuma ya nyumba yetu na binti yake Kahindo. Nilijibu kwamba mimi njo kichwa cha nyumba, neno liko kwangu. Mama Vumilia alitwanga sombe, majani ya mihogo, kwa nguvu kuliko sombe inavyotaka.

Siku ya Posho, tarehe 11

Nimelewa kidogo. Ninaandika hata hivyo, siku kama hii haipite bure.

Kwetu kupatana kuna njia yake. Kibuyu kimoja, murija mumoja. Mwenye kukosa anasimama, anasema kwa kinywa chake kile alifanya, chote, na jina la muntu. Wenye kuumizwa wanasikia mpaka mwisho. Kisha njo murija unatembea. Hiyo nilijua toka utoto, kila muntu hapa anajua.

Lakini watu walikuwa wamekaa toka asubuhi. Pombe ilinuka vizuri. Mbuzi iliiva. Matayo alisimama juu ya miguu yake ile, alianza: "Ile siku kule porini..." Na barza yote ikanyamaza, hata kuku. Niliona karamu yangu inageuka kilio. Na mimi nilikuwa nimetayarisha maneno, maneno mazuri, mengine ya Kifaransa.

Basi nilimukata neno. "Acha, kaka Matayo. Hata usiseme. Imekwisha." Nikachukua murija, nikakunywa, nikamupa.

Vigelegele. Watu walipiga mikono. Matayo alilia na akatazama murija kama muntu aliyepewa kitu kabla hajanyoosha mukono. Nilisema kama mupira ule ungekuwa wote tumboni mwangu, leo ningeruka mpaka vilima vya Masisi. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Papa Kibira, muzee mwenye nyavu kubwa za kuwinda, alisema niko na moyo wa sultani. Nilicheza ngoma. Kwa umri wangu nacheza vizuri.

Paulina sikumuona. Pengine alikuwa na wanawake kwa vyungu.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Kichwa kinauma. Kanisani watu wamenigeukia. Nilivaa koti ya Misri juu ya joto lote. Padri alisoma juu ya kusamehe sabini mara saba, na macho yake yalikuwa kwangu.

Paulina alipita na mutungi kichwani. Hakunisalimia. Alinizunguka kama unavyozunguka kisiki.

Kazi Mbili, tarehe 14

Nilimufuata shambani. Lazima niseme Paulina ni muntu wa namna gani. Ni binti wa Masisi, wa vilima, upande wa Kingi, kwa watu wa maharagi. Petero alimuoa kule alipokuwa anabeba mizigo ya wazungu. Alishuka naye huku porini, kwa watu wa nyama na ndizi, na mpaka leo anapanda maharagi yake ya vilima katika udongo wetu mubichi. Watu walicheka mwaka wa kwanza. Sasa wanakuja kuomba. Anawapa. Hana kinywa cha asali, lakini uongo hajui.

Nilianza na muchezo wa maneno. Aliuacha uanguke chini. Kisha alisimama na jembe, akasema, na sauti haikupanda hata kidogo:

"Shemeji, wewe ulikuwa Misri. Mimi njo nilikaa ndani ya majivu. Mimi njo nilimungojea bwana yangu mpaka maziwa ikakauka na mutoto kifuani. Nani alikupa kitu yangu ukaigawa na pombe?"

Nilisema Petero alikuwa ndugu yangu.

"Basi samehe ya kwako. Ya kwangu iache pale iko."

Nikamutajia Mungu. Alijibu Mungu anajua nyumba yake, hana lazima ya kutuma kapita wa baki.

Nimerudi na hasira. Hasira kabisa. Nimefanya jambo kubwa, jambo watu wanalitaja mpaka ngambo, na muke mumoja analiweka kwenye matope.

Kazi Tano, tarehe 17

Leo nyavu zilitoka. Nyavu zetu haziendi porini kama kati ya wawindaji kuna muntu mwenye maneno tumboni. Wanawake pia, kwa sababu wao njo wanapiga kelele na kufukuza nyama mpaka ndani ya wavu. Kila muntu anachukua maji kinywani, anatema juu ya nyavu. Kama iko na neno, analisema kwanza, kisha anatema. Kama hana, anatema tu. Baba zetu walifanya hivyo. Padri anajua na anajifanya hajui.

Ikafika kwa Paulina. Alichukua maji. Tulimutazama wote. Aliyameza.

Walikwenda hata hivyo, sababu njaa ya nyama ilikuwa kali. Walirudi mikono mitupu. Mboloko mumoja, swala mudogo wa porini, alipita kati ya nyavu mbili kama anapita sokoni. Papa Kibira alitazama nyumba yangu muda murefu.

Kazi Ine, tarehe 23

Nyavu zilitoka tena, bila Paulina safari hii. Tena bure. Nguruwe alipasua mbwa bora wa Papa Kibira. Walimurudisha juu ya majani.

Mangaribi barza ilijaa. Dada ya Matayo alisimama na kusema kaka yake anaoza hai, na dawa ya roho yake imefungwa ndani ya tumbo la muke wa vilima. Wengine walisema maharagi yake wameyala kwa makosa. Kinywa kile kile kilichokula. Matayo mwenyewe alikaa kando, kichwa chini.

Walikata shauri hivi: siku ya posho, tarehe moja ya mwezi unaokuja, Paulina atakunywa na Matayo mbele ya watu wote. Akikataa, atarudi kwa baba yake Masisi. Kahindo atabaki. Mutoto ni wa ukoo wetu.

Waliniuliza mimi, kichwa cha nyumba. Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, na kicheko kidogo, kama muntu anayeitikia salamu. Moyo wangu ulifurahi kwamba hawakunikasirikia mimi. Hiyo njo kweli na ninaiandika.

Mama Vumilia amenipa chakula na mgongo.

Siku ya Mungu, tarehe 26

Nilimukamata padri baada ya misa. Alisema asiyesamehe hatasamehewa, Paulina anajitia hatarini. Nilimuuliza: na Petero? Kama aliyeumizwa amekufa bila kusema neno, ufunguo uko kwa nani? Alisema kwa muntu aliyeacha shule mwaka wa tatu ninauliza mambo marefu. Kweli niliacha shule. Mwalimu na kinywa yangu hawakusikilizana. Lakini ulizo halikuondoka na pikipiki yake.

Nimelichukua siku nzima.

Paulina ni muntu mubaya? Dada ya Matayo alipougua mwaka uliopita, nani alimupikia? Paulina. Alijua yeye ni dada ya nani. Alipika hata hivyo. Na mimi muzuri, nilifanya nini? Nilisamehe kitu ambacho hakikuninyima usingizi. Nilikuwa mbali. Kifo cha Petero nilikipokea kikiwa kimepoa.

Na ingine, mubaya zaidi. Nilipenda kusamehe kama ninavyopenda koti yangu. Nilivaa nionekane.

Na ingine tena. Nilisamehe nini? Sijui. Homa? Fimbo? Matayo alifungua kinywa na mimi nilikifunga. Nilifunga mulango wa nyumba ambayo sikuingia. Halafu nikacheza ngoma mbele yake.

Kazi Mbili, tarehe 28

Paulina anafunga mizigo. Chungu, jembe, mbegu za maharagi ndani ya kitambaa. Anasuka nywele za Kahindo, polepole, anasuka, anafungua, anasuka tena. Mutoto anajua. Hajalia. Anashika tu ncha ya nguo ya mama yake, hata akiwa amekaa.

Nilikaa kwenye mulango. Nilitafuta muchezo, sikupata hata mumoja. Nilimuomba. Nilisema ni murija tu, Paulina. Gusa na midomo. Ndani ya moyo ubaki na yako, nani atapima?

Alisema, "Kila muntu hapa amekwisha kuachilia. Wewe, padri, Papa Kibira. Kama mimi pia niachilie, nani atabaki anajua kama ile ilikuwa mubaya?"

Aliendelea kusuka. Baadaye akasema tena, kama anasema na nywele:

"Sitaki afe. Sitaki alipe. Nataka aseme. Miaka yote hii sijui bwana yangu alikufa vipi. Wewe ulimukata neno, shemeji. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilikuwa nasikia."

Kumbe alikuwa pale. Alikuwa amekuja kusikia.

Kazi Tatu, tarehe 29

Naogopa. Vita haikuniogopesha hivi. Kule tulipewa chakula na tulipewa amri, na mwenye amri njo alifikiri.

Nikisimama kwenye barza na kurudisha neno langu, nitakuwa kichekesho. Alfonsi wa moyo mukubwa. Watalitia ndani ya nyimbo za baki, na safari hii sitacheka. Nisiposimama, Kahindo atabaki bila mama na mimi njo nitamulisha kila siku na kumutazama usoni.

Nilimuambia Mama Vumilia. Alisema uoga huu ulipashwa kunijia siku ile ya pombe. Kisha aliniongezea ugali.

Siku ya Posho, tarehe 1 mwezi wa kenda

Naandika taratibu.

Kibuyu kilikuwa katikati. Paulina alikuja na mizigo yake mgongoni, imefungwa, Kahindo pembeni. Alikuwa ameshajibu kabla ya kuulizwa.

Nilisimama. Nilisema pombe ile ya kwanza ninairudisha. Kelele. Mumoja alisema Alfonsi amelewa asubuhi. Papa Kibira alisema ameishi miaka mingi lakini hajaona muntu anayerudisha pombe iliyokwisha kupita na kukojolewa. Walicheka sana. Ni kweli ilichekesha. Siku ingine ningeuchukua muchezo ule uwe wangu.

Nilingoja wamalize. Kisha nikasema, "Nilikunywa kabla ya neno. Desturi munaijua wote. Mulikaa kimya sababu ya kiu, na mimi nilikaa kimya sababu ya sifa. Pombe ile haikupatanisha muntu. Kama kuna aliyeharibu nyavu, ni mimi, haiko huyu muke. Sasa Matayo aseme. Tukiisha kusikia, mwenye kutaka kumufukuza Paulina, amufukuze."

Matayo angeweza kukataa. Walimuletea kiti. Alikisukuma. Alisema akiwa amesimama, amemutazama Paulina, hakunitazama mimi.

Alisema Petero hakufikisha kipimo cha mupira. Alikuwa na homa, lakini kambi yote ilikuwa na homa. Muzungu wa mupira alikuwa amemuambia Matayo kwamba upungufu wa mupira wa watu utapigwa juu ya mgongo wake mwenyewe. Basi alimupiga Petero. Petero hakulia, na hiyo ilimutia Matayo haya mbele ya watu. Alimufunga kwa muti, mbali na kambi, atulie pale mpaka yeye arudi kutoka kupima mupira wa kambi ingine. Kule kambi ingine alikuta pombe. Alikunywa. Akalala. Asubuhi akaitwa kambi ya tatu.

"Nilimusahau," alisema. "Hakuna ingine. Watu wanafikiri nilimuua. Nilimusahau."

Paulina aliuliza, sauti yake ya kila siku, "Ulirudi?"

"Nilirudi."

"Ulikuta nini?"

Alikawia.

"Kamba tu."

Hakuna aliyesogea. Papa Kibira alitazama miguu yake. Dada ya Matayo alifunika uso na nguo. Kibuyu kilikaa pale katikati na murija wake, na hakuna muntu aliyemuonyesha Paulina aukamate. Nani angemuonyesha?

Paulina alimushika Kahindo mukono, akarudi nyumbani. Mama Vumilia alimufuata, akaniambia baadaye: amefungua mizigo, ametoa chungu, amewasha moto. Hajalia. Amepika.

Na mimi? Mimi nisiye na kinyongo na muntu? Nilisimama hatua chache kutoka shingo ya Matayo, na mikono yangu ilijua kazi yake. Watu wangu wa baki walinikamata mabega. Petero alikuwa ananibeba mgongoni tukivuka vijito, nilipokuwa mudogo. Miaka sita sikukumbuka ile. Leo nimeikumbuka na harufu ya shingo yake.

Sasa niko na ya kwangu ya kusamehe. Siwezi hata kuigusa.

Siku ya Mungu, tarehe 2

Sikuenda kusali.

Kamba ile ilikuwa ya namna gani? Ya majani ao ya mufuko? Nafikiri hiyo tu.

Kazi Moja, tarehe 3

Matayo amerudi misioni. Njia ni moja, maji ni moja, baki ni moja.

Muto ulijaa na ulikuwa mwekundu sababu ya mvua za juu. Alipanda peke yake. Watu walivuta bila kuimba. Mimi nilisimama nyuma na mupondo, kama kila siku. Katikati ya maji, pale ambapo mbao ya ukingo ilivunjika na sijaitengeneza, alikwenda kusimama. Aliacha fimbo yake. Akanigeuzia mgongo.

Nilielewa. Alikuwa ananipa.

Kusukuma kidogo. Kila muntu angesema miguu yake ilishindwa. Hata watu wangu walitazama upande mwingine, wote pamoja, na mimi ninawajua, hawajawahi kupatana juu ya kitu.

Hasira ilipanda mpaka machoni, na sababu yake ya mwisho ilikuwa hii: alitaka nimumalizie kazi. Siku ile ya pombe nilimukata neno, nikamuokoa asiseme. Sasa alitaka nimuokoe asiishi nayo. Mara ya pili nimufanyie karamu.

Nilisema neno moja tu. "Kaa katikati."

Alikaa. Chini, juu ya mbao zenye maji, kama gunia. Nilimufikisha. Hakusema asante, na ningemupiga kama angesema. Alikwenda polepole, na mimi nilibaki nimeshika mupondo.

Hiyo haikuwa kusamehe. Padri akiniuliza nitamukatalia. Sijui iko na jina gani. Mikono ilitaka, mimi sikutaka, na nilikuwa mumoja na mikono yangu. Imenichokesha kuliko kupiga ngumi.

Kazi Tano, tarehe 14

Nyavu zilitoka. Paulina alikuja. Watu walimupisha nafasi, pana kuliko lazima.

Ilipofika kwake alisema mbele ya wote, "Bwana yangu alikufa amefungwa, peke yake. Sijasamehe." Alichukua maji, akatema juu ya nyavu.

Walimutazama Papa Kibira. Muzee alifikiri. Kisha alisema neno limetoka, haliko tumboni tena, beba nyavu. Njo hivyo tu. Miaka yote tulifikiri desturi inataka tuwe na moyo muzuri. Inataka tuseme. Mimi niliyeona Misri sikuona hiyo.

Ikafika kwangu. Nilisema, "Mimi pia." Nikatema.

Walipata nyama kidogo. Kidogo lakini iligawanywa, na sehemu ya Paulina haikupunguzwa. Papa Kibira mwenyewe aliipeleka kwake, akakaa nje ya mulango wake kidogo, akaondoka. Sikusikia alisema nini.

Kazi Tatu, tarehe 19

Mwalimu wa dini alivuka leo na habari. Matayo amekufa kule misioni. Uvimbe ulifika. Padri alimubatiza siku moja kabla, bila kungoja amani ya nyumba yetu. Nilingoja kukasirika. Haikuja. Haikuja kitu ingine pia.

Niliacha baki kwa watu wangu, nikapanda shambani. Paulina na Kahindo walikuwa wanapanda maharagi. Mama anapiga shimo na jembe, mutoto anatia mbegu na kufunika na kidole cha mguu. Nilimuambia. Nilimuambia wazi, bila kuzunguka.

Alisimama. Alipangusa uso na mukono wenye udongo. Aliuliza wamemuzika wapi.

Nilisema karibu na kanisa, wamemuwekea musalaba wa mbao.

Kahindo alingoja na mbegu mukononi.

"Basi yeye iko na pahali," alisema.

Akapiga shimo lingine.

Kulikuwa na jembe la pili kwenye kisiki. Nilishika musitari uliobaki. Sijui kupanda maharagi, mashimo yangu yalipinda, na Kahindo aliyanyoosha nyuma yangu. Tulifanya hivyo mpaka mvua ikatufukuza.